Chuma Ndani ya Uyoga

Nyinyi vijana mnaonibishia mlango hapa Mtopanga, simu mkononi, mkitaka niwafundishe uyoga kabla chai haijapoa, nawaandikia haya mpate kuniacha nipumzike. Nimechoka kurudia. Kila wiki anakuja mmoja. Anaamkia vizuri, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, karibu, na hata hajakaa sawasawa ameshauliza: "Bibi, ile dawa mliyokuwa mkiutia uyoga ukawa na chuma, inauzwa wapi?" Hajauliza uyoga unalala wapi, unakula nini, unapumua vipi. Anataka dawa. Mtu hajajua kuchagua mchele, anauliza zafarani ya biriani.

Basi someni. Shule mie niliishia darasa la nne, kwa hivyo maneno makubwa hamtayaona. Lakini nimekaa ndani ya banda la uyoga mpaka magoti yakakataa, na makosa niliyoyafanya humo nayajua kama ninavyowajua wanangu.

Kwanza ondoeni kichwani kwamba uyoga ni mboga kama mchicha. Mchicha una majani ya kijani, unajipikia wenyewe juani. Uyoga haujui kupika. Unakula kilichoko chini yake, chochote kile, wala hauchagui. Ukiulaza juu ya mabua safi utakula mabua safi. Ukiulaza juu ya sumu utakula sumu, kisha utatoka mweupe, mnene, unapendeza vilevile, na kwa macho hutaujua. Ndiyo sababu watu wa chuo wakaona kwamba ukiwekewa madini kwa kipimo, chuma kwa mfano, au zinki, utayavuta nayo yataingia kwenye sahani ya mtu. Ni elimu nzuri. Lakini elimu hiyohiyo ikiingia nyumba yenye watu wajuaji, mie nikiwa wa kwanza, inaweza kuua.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Mutheu, Mkamba aliyeletwa Mombasa na mume wake wa bandarini. Alijenga Frere Town, na nyuma ya nyumba akainua banda la udongo na makuti. Mungu amlaze pema. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika mbavu zote, nami nilivyo mtu wa hapa sikuweza kukivumilia. Siku yangu ya kwanza alinitia mkononi konzi la mabua ya mahindi yaliyolowekwa.

"Finya," akasema. "Ikitoka tone mbili, tatu, ni sawa. Ikitoka mto, itaoza. Isipotoka kitu, imekufa."

"Mabua, Mama Mutheu. Yamekufa, si imekufa."

"Yamekufa, imekufa, kwani mazishi ni tofauti?"

Tangu siku ile nikanyamaza nikafinya. Mpaka leo ndicho kipimo changu. Nimewaona na vifaa vyenu vya kuchomeka vinavyotoa namba, na sivikatai, lakini betri ya kifaa ikiisha mkono bado unao.

Alikuwa na tabia nyingine, ya kunusa. Kila pipa la kulowekea likifunguliwa, aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa maji. Maji ya mabua yanatakiwa yanuke kama uji uliolala, chachu kidogo, na rangi yake iwe kama chai nyepesi. Yakiwa vinginevyo, alimwaga. Kuna siku tuliazimwa pipa na jirani, kumbe lilikuwa la dizeli. Juu ya maji kukawa na mng'aro wa mafuta, rangi saba. Mabua ya wiki nzima yalikuwa humo, tumeyakatakata kwa panga mpaka viganja vikatoa malengelenge.

"Tuyasuuze tu, Mama Mutheu," nikamwambia.

"Wewe utakula?"

"Yakisuuzwa vizuri kwa sabuni..."

"Mimi nimeuliza wewe utakula. Usinijibu na sabuni."

Tukayamwaga yote. Nililia kwa hasira, na kesho yake tukaanza kukata upya.

Sasa nyinyi mtadhani mie nilikuwa mwanafunzi mzuri. Hebu niwaambie habari ya udi.

Tulikuwa tunangojea wageni kutoka hoteli moja, waje watazame uyoga wakipenda wachukue. Banda la uyoga lina harufu yake, ya unyevu na mabua yanayooza taratibu. Kwetu mgeni hapokewi nyumba ikinuka, hilo nililelewa nalo. Mama Mutheu alikuwa amesafiri siku chache na watu wa kanisa lake. Nikaleta chetezo changu, nikatia makaa, nikatia udi mzuri wa harusi, nikaziba matundu yote ya hewa kwa magunia ili moshi utulie, kama mtu anavyofukiza nguo. Nikauacha uyoga umefungiwa hivyo, na sikukumbuka kuyazibua matundu mpaka wageni walipofika siku tatu baadaye. Uyoga ulikuwa umerefusha shingo, vichwa vidogo kama vifungo vya shati.

Mama Mutheu aliingia, akasimama katikati, akavuta pumzi.

"Mwanamisi, hii nyumba inanuka harusi. Nani anaolewa?"

"Nilitaka papendeze kwa wageni."

"Na uyoga ulimwuliza? Angalia hii shingo. Hii ni uyoga ama ni twiga?"

Wageni waliisifu sana harufu. Uyoga hawakuuchukua. Ndipo nikafahamu kwamba kile kitu kinapumua kama mie na wewe, na ukikifungia hewa kinajivuta juu kuitafuta. Kwa hivyo anayekuja kwangu akaniambia ameweka mifuko yake chini ya kitanda, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwa sababu kwenye simu ameona mtu wa nchi ya baridi kafanya hivyo, namtazama tu. Wewe uko Kisauni. Hapa joto linakuja mpaka ndani ya mtungi. Mwaga maji sakafuni penye mchanga asubuhi na adhuhuri, tundika magunia mabichi kwenye madirisha, acha matundu ya hewa chini na juu. Maji usiyanyunyize juu ya uyoga mchanga, utaoza. Nyunyiza hewani na ukutani. Ukivuna, shika shina uzungushe, usivute. Na funga leso puani, kwa maana ule unga unaotoka chini ya kofia za uyoga uliokomaa utakuachia kikohozi ambacho majirani watadhani ni kingine.

Tuje kwenye hiyo mnayoiita dawa.

Aliyetuletea ni mwanamke kijana wa chuo, tulimwita Mwalimu Salma. Alikuwa na mizani ndogo ambayo hata ukiipumulia inahesabu pumzi yako. Alikuwa na poda nyeupe, akasema ni ya zinki, na chembe za kijani kama shabu iliyotiwa rangi, akasema hizo ni za chuma. Kulikuwa na ya tatu, seleni, lakini hiyo haikutoka kwenye mkoba wake. Alisema kidogo inasaidia na kidogo zaidi ya hapo inadhuru, kwa hivyo ataipima yeye mwenyewe akija. Alitueleza kwamba wanawake wengi wana upungufu wa damu, wengine hata hawajui, wanadhani kuchoka ndiyo uanamke. Na watoto wengine hawakui vizuri si kwa njaa ya tumbo, ila chakula chao hakina hivi vitu vidogo. Uyoga ukiyavuta madini haya, mtu anayapata na mchuzi wake.

Alipima, akayeyusha kwenye maji, akanyunyizia mabua. Nikaangalia kile kipimo, wallahi nikaona ni uchoyo. Chembe ambazo chungu angeweza kuzibeba! Mie ni mtu wa kupika pilau ya watu mia, chumvi naijua kwa kiganja. Alipotoka akatuachia chembe za chuma, nami kwenye mifuko sita nikaongeza kijiko kizima. Nikasema moyoni, hawa wanawake wasio na damu watanishukuru.

Ule utando mweupe wa uyoga, ambao huanza kwenye mbegu ukaenea mfuko mzima, ulishuka vidole vinne ukasimama. Ukakaa hapo kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka amesahau ufunguo. Baada ya wiki ukaja ukungu wa kijani, ukajaza nafasi. Mwalimu Salma alirudi akaishika ile mifuko mmoja mmoja.

"Bi Mwanamisi, hii ilipimwa?"

"Ilipimwa."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mizani yako hiyo."

"Na baada ya mizani?"

Nikaanza kukunja leso yangu. Mama Mutheu akajibu kutoka pembeni: "Baada ya mizani alipima na roho."

Mwalimu Salma hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alinikalisha akanieleza kwamba uyoga nao unataka chuma kidogo kama sisi, kikizidi kinaukaba. Akasema pia kwamba hata ukiota vizuri hatujui umevuta kiasi gani mpaka ukaushwe, usagwe, upelekwe maabara, karatasi irudi. Karatasi isiporudi, tusimwambie mtu kwamba uyoga huu una chuma. Tumwambie ni uyoga. Na hata karatasi ikirudi na sifa, ni chakula tu. Aliyepungukiwa damu anakwenda hospitali. Mambo mengine madogomadogo alitufundisha, kwamba ukikamulia ndimu chakula chako, chuma kinaingia mwilini vizuri zaidi, na ukishushia chai ya rangi papo hapo, kingi kinapotea. Nikamwambia, "Mwalimu, Mombasa umwambie mtu asinywe chai baada ya chakula?" Akacheka. "Mwambie angoje saa moja au mbili, Bi Mwanamisi. Chai haikimbii."

Tuliifanya kazi ile miaka kadhaa. Karatasi zilirudi, nyingine nzuri, nyingine hazikuonyesha kitu, tukazisoma zote. Nikajivuna, na nilikuwa na haki ya kujivuna. Lakini ubaya wa kujivuna ni kwamba mdomo unaendelea hata kazi ikiisha.

Mama Mutheu alipofariki, wanawe walichukua uwanja wakajenga nyumba za kupangisha. Magoti yangu nayo yalikuwa yamekwisha. Nikarudi kukaa kwangu na mwanangu Swaleh na mkewe Zuhura. Swaleh ni fundi wa kuchomelea, kazi yake iko kwenye gereji ya malori Miritini. Chumba cha nyuma nikakitundika mifuko thelathini, ya kula na ya kuwagawia jirani, kwa sababu mikono ilizoea. Mizani sina. Poda sina. Uyoga wa nyumbani ni uyoga mtupu, mabua na pumba na maji. Hilo nililijua mie. Sikuona sababu ya kumtangazia mtu.

Zuhura akapata mimba. Mbili zilikuwa zimetangulia na zote zilitoka, kwa hivyo hii tulikuwa tunaiendea kwa ncha za vidole. Kliniki wakampima wakasema damu ni ndogo, wakampa vidonge. Vidonge vile vinachafua tumbo, mwenye kuvimeza anajua. Nami kila siku nikampikia uyoga wa nazi. Jirani yetu Bi Amina akija kukaa barazani, namwambia, Zuhura akiwa palepale anakuna nazi: "Uyoga tuliokuwa tukiufuga sisi una chuma. Anayekula uyoga wangu hospitali ataisikia kwa watu." Bi Amina anaitikia, "Ewaa," nami nazidi.

Mimba ilipofikisha miezi saba nilimsindikiza kliniki. Nesi, mwanamke wa bara, mpole, aliitazama karatasi mara mbili.

"Zuhura, damu imeshuka. Vidonge unameza?"

Zuhura akatazama viatu vyake. "Nilikuwa nameza."

"Ukaacha lini?"

"Vinanitapisha, nesi. Lakini chuma nakipata. Nakula uyoga wa mama mkwe kila siku, umetiwa chuma."

Nesi akanigeukia. "Uyoga gani huo, mama?"

Nimesema na watu wa chuo, wa hoteli, wa serikali ya kaunti. Siku ile ulimi ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi.

"Ule wa nyumbani haujatiwa kitu," nikasema.

Zuhura akageuza kichwa. "Haujatiwa?"

"Poda ilikuwa ya banda la Frere Town. Huu ni uyoga tu."

"Lakini Mama, ulisema. Ulimwambia Bi Amina mie nikisikia. Ulisema anayekula uyoga wako hospitali ataisikia kwa watu."

Nilisema. Aliyarudisha maneno yangu kama yalivyo.

Nesi akaweka kalamu chini. "Mimi uyoga siujui. Najua huyu akifika siku ya kujifungua na damu hii, akitokwa na kidogo tu, tutampoteza tukimtazama. Yeye na mtoto. Vidonge leo. Ale na kitu kidogo tumboni kama vinamtapisha. Na arudi baada ya wiki mbili."

Tulirudi kwa miguu. Zuhura alinishika mkono kwenye kuvuka barabara kama kawaida yake, na ule mkono ndio ulionichoma zaidi.

Tulipofika, Swaleh alikuwa nyumbani anakula. Nikamweleza. Mwanangu, mtu mzima mwenye mvi mbili za ndevu, akafuta mkono akatabasamu.

"Mama, usihuzunike. Mifuko hii mipya ina chuma cha kutosha."

"Kakitia nani?"

"Mie."

Alisema hivyo kama mtu aliyekununulia leso ya Idi. Kumbe siku moja aliniuliza kama uyoga wa nyumbani una poda, nikamwambia hauna, na yeye akalichukua neno hilo akaenda nalo kimya. Tangu mgongo wangu uanze kulalamika, pipa la kulowekea ni kazi yake. Mie naletewa mabua yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa, natia mbegu, natundika.

Akanipeleka uani. Akaliinamisha lile pipa la buluu, na chini kabisa kitu kikalia kama kengele. Akatoa bolti kubwa, springi ya lori iliyooza kwa kutu, kipande cha bati la bodi chenye rangi ya njano bado, na vitu viwili vizito vya kijivu.

"Chuma halisi, Mama. Cha malori. Nakiacha kwenye maji mpaka yawe mekundu, ndipo natia mabua."

Nikakiokota kimoja cha vile vya kijivu. "Swaleh. Hiki ni nini?"

"Hicho ni kichwa cha betri, pale waya zinapofungwa."

"Kichwa cha betri ni chuma?"

Akakuna shingo. "Kina... kina uzito."

"Kina uzito! Hata jiwe la kusagia lina uzito, mbona hujalitia? Na rangi hii?"

"Hiyo ya nje tu, Mama."

"Nje ndiko kunakogusa maji, mwana wa watu!"

Nilimpigia Mwalimu Salma, sasa ana nywele nyeupe mbele. Nikamhesabia kila kitu kilichokuwa ndani ya pipa. Nilipofika kwenye vichwa vya betri alinikatiza.

"Bi Mwanamisi, hiyo ni risasi, yale madini ya sumu. Rangi za zamani pia huwa nayo. Uyoga unaivuta kama unavyovuta chuma, na mama mjamzito akiila inampita inamfikia mtoto. Umeshavunwa?"

Nikaenda kutazama. Mifuko kumi na miwili, na kwenye kila tundu vichanga vya uyoga vimechungulia, vidogo kama vichwa vya viberiti, vimejaa, vya afya. Sijawahi kuona mazao yaliyoanza vizuri namna ile. Kesho kutwa ningevuna. Na wa kwanza kupakuliwa angekuwa Zuhura.

"Bado," nikasema.

"Uyoga wa mfuko wowote wa maji hayo asiule mtu. Usiwape kuku, usiuchome moto, usimwage kwenye mchicha. Ufungeni, nitakuja nichukue mwenyewe. Na hilo pipa lisitumike tena kwa kitu kinacholiwa."

Hapa nataka mnisikilize, nyinyi wa simu. Msimcheke Swaleh peke yake. Yale mabua yaliponifikia wiki mbili nyuma yalikuwa na wekundu. Niliuona. Nikajiambia ni rangi ya mabua ya msimu huu. Pipa sikulinusa, kwa sababu liko uani na magoti yanauma, na kwa sababu nilishakuwa Bi Mwanamisi wa uyoga, anayefuatwa na watu mlangoni. Mtu akifika hapo huacha kuinama. Nilimwambia Swaleh maneno mengi pale uani, mengine siyaandiki. Akaniacha mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Mbili zimeshatoka, Mama," akasema. "Unataka nikae tu nitazame? Wewe ndiye uliyesema uyoga unavuta chuma. Poda hatuna. Chuma ninacho."

Nikamwambia alete magunia.

Tuliitungua mifuko yote thelathini, si kumi na miwili tu, maana mabua yote yalitoka pipa moja na sikutaka kuanza kubahatisha upi wa lini. Zuhura alitaka kusaidia nikamfukuza. Swaleh alifunga magunia kwa waya, akayapanga ukutani, akabaki ameyatazama. Nikafagia chumba nikakiosha, matundu ya hewa nikayaacha wazi. Chumba kitupu kinatoa mwangwi; sikuwahi kujua.

Zuhura bado hajajifungua ninapoandika. Wiki mbili zilipopita damu ilikuwa imepanda kidogo, nesi akasema iendelee hivyo. Uyoga sijaurudia. Nikiurudia nitanunua pipa jipya, na utakuwa uyoga tu, na anayetaka wa madini aende kwa wenye mizani na karatasi za maabara. Hilo ndilo jibu la ile dawa mnayoniuliza. Msinibishie mlango tena kwa ajili yake.

Siku ileile ya magunia, tulipokaa kula cha usiku, niliwaambia wote wanyamaze. Nikasema: "Zuhura, kidonge chako kuanzia leo utakimezea hapa, mbele yangu, na maji ya ndimu. Kikikutapisha, unipigie kelele mie, usikifiche. Swaleh, chai ya rangi isionekane mezani huyu akila mpaka saa mbili zipite, na chuma chako kibaki Miritini. Nyote wawili, mkinisikia namwambia mgeni yeyote kwamba chakula cha mikono yangu ni dawa, semeni hapohapo, mbele ya huyo mgeni: Mama, nyamaza. Msione haya. Na mie nitanyamaza."